Baridi yabisi, korona na sindano: historia iliyopita mikononi mwa mama zetu

Mara hii tunaandika juu ya vidole. Ni vidole vya mama zetu na shangazi zetu, ambavyo asubuhi havikunjiki, havishiki kikombe, havifungi kitenge, mpaka jua lipande. Na tunaandika juu ya swali waliloliuliza mwaka 2021, wakazungushwa nalo kutoka mlango mmoja hadi mwingine: mtu mwenye ugonjwa wa viungo, anayemeza dawa za kupunguza kinga ya mwili, achanjwe korona au aache?

Kwa asiyeijua Buja, Asiatique ni kartie iliyo jirani na katikati ya mji na si mbali na Buyenzi. Ina maghala, maduka, na nyumba za zamani za wafanyabiashara. Jina lenyewe ni historia. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Wabelgiji wakaichukua wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na katika mpango wao wa mji kila rangi ya watu ikapewa pake: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu kwao, Waafrika kwao. Waswahili waliotoka upande wa Ujiji na pwani wakakaa Buyenzi, na mpaka leo Buyenzi ni ya Kiswahili. Ndiyo maana mtu wa Uvira au wa Fizi akishuka hapa kwa kukimbia vita, nyumba anaweza kukosa, pesa anaweza kukosa, lakini lugha hakosi. Sisi wenyewe tunakutana Asiatique, kwenye baraza la nyumba tunayoazimwa, na wazazi wetu wengi wanatafuta maisha humo humo: kushona, kubeba mizigo, kuuza ndagala na matunda mbele ya maduka.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Kwa Kiswahili unaitwa baridi yabisi. Sisi Wakongomani tunasema rimatisme kwa kila kinachouma kwenye viungo, na wenzetu wanaosema Kinyarwanda wanasema rubagimpande. Daktari wa hapa, kwa Kifaransa chake, anaandika kwenye karatasi poliartriti. Tulipotafuta maana ya yabisi tulikuta ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Baridi kavu, basi. Waganga wa Kiyunani, na baada yao waganga wa Kiislamu kama Ibn Sina, walieleza mwili kwa hali nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Ugonjwa ulikuwa ni hali moja kuzidi nyingine. Elimu hiyo ilisafiri na vitabu na dawa mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki, na jina likabaki hata baada ya elimu yenyewe kuachwa.

Jina hilo lina madhara yake. Mama akivimba vidole anaambiwa aache kufua kwa maji ya baridi, avae soksi, asilale kwenye simenti. Ushauri wenyewe haumdhuru mtu, lakini unamchelewesha. Baridi yabisi ile tunayoizungumzia hapa hailetwi na maji. Ni kinga ya mwili yenyewe inayoshambulia utando ulio ndani ya viungo, mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto, na inawapata wanawake kama mara tatu kuliko wanaume. Sisi tuliotoka Kivu hatuhitaji mfano mrefu: ni askari waliowekwa kulinda kijiji, kisha wakageuka wakaanza kukipora. Ukiwaacha, wanabomoa. Baada ya miaka vidole vinapinda na havirudi tena.

Mwaka 1800 daktari kijana wa Ufaransa, Landré-Beauvais, aliandika juu ya wanawake wenye ugonjwa huu aliowaona Salpêtrière, nyumba ya wagonjwa maskini huko Paris. Mwaka 1859 Mwingereza Alfred Garrod ndiye aliyeupa jina ambalo madaktari wanaliita kwa Kiingereza mpaka leo. Dawa ya maana haikuwepo bado. Halafu, tarehe 21 Septemba 1948, kwenye hospitali ya Mayo, Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke wa miaka 29, ambaye alikuwa karibu hawezi kutembea, dawa tuliyoijua baadaye kwa jina la kotisoni. Baada ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 wakapewa tuzo ya Nobel. Dunia ikadhani baridi yabisi imekwisha.

Haikuisha. Dawa za ukoo huo, kama prednisoloni na deksamethasoni, zinazima moto haraka sana, lakini ukizimeza kwa muda mrefu zinavimbisha uso, zinapandisha sukari na presha, zinalainisha mifupa, na zinafungulia milango maambukizi. Na huwezi kuziacha ghafla, mwili unaweza kuanguka. Bana, hapa lazima tuseme kitu ambacho kila kijana wa Kongo anakijua na watu wazima hawakisemi: deksa hizo hizo zinauzwa mtaani kama vidonge vya kunenepesha. Msichana anazimeza apate mashavu. Mama mwenye baridi yabisi naye anazimeza apate kufua. Wote wawili wamenunua bila karatasi ya daktari, na wote wawili kinga yao imeshuka bila wao kujua. Hilo mlikumbuke tutakapofika kwenye korona.

Dawa ya pili ni methotreksati. Ilianza kama dawa ya saratani, na Marekani iliikubali kwa baridi yabisi mwaka 1988. Leo ndiyo ya kwanza ambayo madaktari wengi duniani wanaiandika. Inamezwa mara moja kwa wiki, siku moja tu, na mtu akikosea akaimeza kila siku inaweza kumuua. Tunasisitiza hivi kwa sababu kwenye nyumba zetu dawa ya mama mara nyingi inagawiwa na mtoto anayejua kusoma.

Ya tatu ni binamu wa dawa ambayo wazazi wetu wote wameimeza. Waulizeni wazee juu ya Nivaquine, ile klorokwini: uchungu wake, na namna mtu alivyokuwa anajikuna mwili mzima usiku. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba, mpaka vimelea vikaizoea na nchi zetu zikaiacha moja baada ya nyingine. Sasa, wakati wa vita ya pili ya dunia askari walipewa dawa nyingine ya malaria, mepakrini, na ikaonekana kwamba baadhi yao waliokuwa na magonjwa ya ngozi na ya viungo walipata nafuu. Mwaka 1951 daktari Francis Page aliandika juu ya wagonjwa wake wa lupasi waliotibiwa nayo. Kutoka njia hiyo ndiyo ikafika haidroksiklorokwini, klorokwini iliyopunguzwa ukali, ambayo leo inamezwa na wenye lupasi na wenye baridi yabisi. Haishushi kinga sana kama zile nyingine. Ni dawa ya bei ya chini na ya siku nyingi, na haikuwa na kelele.

Mpaka Machi 2020. Profesa Didier Raoult wa Marseille alitangaza kwamba dawa hiyo inasafisha virusi vya korona, kwa jaribio la wagonjwa wachache sana. Rais Trump akaisifu. Tarehe 28 Machi mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa kibali cha dharura. Kwenye simu zetu, video za Raoult zilifika haraka kuliko tangazo lolote la wizara, kwa sababu alisema Kifaransa na kwa sababu alizaliwa Dakar, na watu wakamwona kama wetu. Kila mtu akataka kidonge. Wenye lupasi na wenye baridi yabisi, kuanzia Marekani mpaka huku, wakafika famasi na kuambiwa kimekwisha. Tunakumbuka mama mmoja wa Uvira aliyekwenda famasi ya mtaani na kisanduku chake kitupu mkononi, akaulizwa kama ana korona. Akasema: "Hapana, mimi niko na vidole." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na alirudi nyumbani bila dawa.

Mwezi wa Juni 2020 jibu likatoka Uingereza. Jaribio kubwa linaloitwa RECOVERY lilionyesha kwamba haidroksiklorokwini haiwaponyi wagonjwa wa korona waliolazwa. Tarehe 15 Juni Marekani ikafuta kibali. Kesho yake, jaribio lile lile likatangaza kwamba deksamethasoni, ile ile ya mashavu, inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Baadaye tosilizumabu, dawa ya gharama kubwa ya baridi yabisi, nayo ikaonekana kuwasaidia walio mahututi, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai 2021. Kwa hiyo angalieni: katika dawa zilizosaidia kuokoa watu wa korona, mbili zilitoka kwenye kabati la wagonjwa wa viungo. Wao wenyewe walipata nini? Waligombaniwa dawa zao, basi. Na deksamethasoni ilikuwa na masharti: kwa mgonjwa mahututi tu, hospitalini. Anayeimeza nyumbani ili asipate korona anajipunguzia ulinzi.

Huku kwetu mambo yalikuwa na mwendo wake. Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 31 Machi 2020. Mipaka ilikuwa imefungwa, na kwa mtu wa Uvira mpaka ule ndio barabara ya dawa, ya ndugu, ya kila kitu. Kutoka Buja mpaka Uvira ni safari fupi, lakini mwaka ule ilikuwa kama Ulaya. Katikati ya mwezi wa Mei, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20, serikali iliwaambia mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu waondoke nchini. Tarehe 8 Juni Rais Nkurunziza akafariki. Évariste Ndayishimiye akaapishwa tarehe 18 Juni, na haikupita muda akasema hadharani kwamba korona ni adui mkubwa wa Warundi. Bei ya sabuni ikashushwa, vipimo vya bure vikaanza Julai. Tuliona foleni. Wakimbizi nao walipanga foleni, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile watu walizungumza juu ya ugonjwa kwa sauti ya kawaida.

Lakini chanjo ilikuwa jambo jingine. Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya ziwani ilitangazwa kufungwa tena. Februari, waziri wa afya, Thaddée Ndikumana, alisema kwamba wagonjwa zaidi ya asilimia 95 wanapona, kwa hiyo nchi haihitaji chanjo bado. Tanzania nayo wakati ule ilikuwa haitaki. Kwa hiyo majirani wawili, upande huu wa ziwa, walikuwa pamoja kwenye kundi dogo sana la nchi duniani zilizosema hapana.

Fikirieni sasa simu zilizokuwa zinaingia. Machi 2021 Rwanda ilianza kuchanja, na wakimbizi wakawekwa ndani ya hesabu tangu mwezi ule. Jordan ilikuwa imewachanja wakimbizi tangu Januari. Kongo ilianza tarehe 19 Aprili, baada ya kusita kwa wiki kadhaa kwa ajili ya habari za damu kuganda zilizotoka Ulaya, na dozi milioni 1 na laki 3 katika milioni 1 na laki 7 ilizozipokea ikazirudisha zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Tanzania, baada ya kifo cha Magufuli, ilibadilika: tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera. Familia moja ya wakimbizi, watoto wake wako Rwanda, Tanzania, Kongo na Buja, ilikuwa na majibu manne kwa swali moja. Bibi anampigia mjukuu: "Nyinyi mlichanjwa?" Mjukuu anasema ndiyo. Bibi wa Buja anasema: "Huku wanasema hatuhitaji." Ni virusi vile vile.

Mwisho wa Julai 2021 Burundi ikakubali kupokea chanjo. Oktoba zikafika dozi laki 5 za Sinopharm kutoka China, na tarehe 18 Oktoba 2021 kazi ikaanza hapa Bujumbura, kwa hiari ya mtu. Baada ya hapo ni Eritrea peke yake barani iliyobaki bila kuchanja. Mikono haikujitokeza mingi. Burundi imebaki kati ya nchi zilizochanja watu wachache kabisa duniani.

Hapa wafanyakazi wa misaada huwa wanasema neno moja: uvumi. Tunalielewa, lakini sisi tunaona ni jibu la haraka mno. Uvumi una wazazi. Tarehe 1 Aprili 2020, kwenye televisheni moja ya Ufaransa, daktari mmoja aliuliza kama utafiti wa chanjo ya BCG dhidi ya korona haungefaa ufanyike Afrika, ambako hakuna barakoa wala matibabu, na mwenzake akakubaliana naye. Siku mbili baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, shujaa wetu wa Ebola, alisema Kinshasa kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Kelele zilipanda mpaka akalazimika kueleza tena kwamba Kongo haitakuwa ya kwanza. Video hizo mbili ziliunganishwa zikawa moja, na zilikuwa bado zinazunguka Asiatique na Buyenzi mwaka mmoja na nusu baadaye, siku sindano ilipofika.

Na nyuma ya video kuna mambo ya zamani zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu kwa wingi kwenye maziwa yetu. Robert Koch, bingwa wa Ujerumani, alikuja visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na dawa yenye sumu ya aseniki iitwayo atoksili. Baadhi ya wagonjwa walipofuka macho. Kwenye ufuko wa Tanganyika pia Wajerumani walifungua kambi za matibabu ya malale, na watu wakahamishwa kutoka kando ya ziwa. Babu wa babu hakuandika kitabu, lakini neno sindano likabaki na kivuli chake.

Lugha yetu yenyewe inakumbuka kitu kingine pia. Kuchanja ni kuchana ngozi kwa wembe na kupaka dawa, kama waganga walivyofanya tangu zamani, na ndipo neno chanjo lilipotoka. Warundi wanasema urucanco, na masikio yetu yanausikia undugu. Kwa hiyo wazo la kuingiza kitu kidogo mwilini ili kikinge kikubwa halikuletwa na ndege kutoka China. Ndui iliondolewa duniani kwa njia hiyo. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa kuambukizwa kwa kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa sawasawa, kwa sababu aliona sindano inauma. Akapona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwaambia wazazi wa Somalia wachanje watoto wao polio. Tunapenda hadithi yake kuliko mabango yote.

Sasa, mwenye baridi yabisi siku ile ya Oktoba afanye nini? Yule mama wa vidole alikuwa anameza methotreksati ikipatikana na prednisoloni isipopatikana. Alikwenda mahali pa chanjo. Aliyemhudumia akasoma karatasi yake, akamwambia: "Mama, wewe una ugonjwa wa kinga, hii si yako." Mahali pa pili akaambiwa achanjwe lakini aache dawa zote kwanza. Aliziacha, prednisoloni nayo, kwa ghafla, na wiki ile hakuweza kuinuka kitandani. Hatutaji mahali, kwa sababu waliomjibu walikuwa wanajibu kwa kukisia kama alivyokisia yeye. Hawakuwa na karatasi ya kuwaambia.

Karatasi ilikuwepo duniani, lakini haikufika. Majaribio makubwa ya mwanzo ya chanjo yaliwaacha nje watu wanaomeza dawa za kupunguza kinga, hivyo chanjo zilipoanza mwisho wa 2020 hakuna aliyekuwa na majibu yao. Madaktari wa viungo walikuwa wameanza kukusanya habari wenyewe tangu Machi 2020, kwa mtandao wa dunia nzima. Katika wagonjwa 600 wa kwanza, kutoka nchi 40, waliona kwamba wanaomeza prednisoni miligramu 10 au zaidi kwa siku walilazwa hospitalini zaidi. Wanaomeza dawa za malaria hawakupata ulinzi wowote. Mwanzoni mwa 2021 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kikatoa ushauri: mwenye baridi yabisi achanjwe, na kama ugonjwa umetulia aruke methotreksati wiki moja baada ya kila sindano. Prednisoloni isiachwe. Wanaodungwa rituksimabu wapangiwe siku, kwa sababu dawa hiyo inapunguza sana uwezo wa mwili kujifunza chanjo.

Uingereza wakalipima jambo la methotreksati vizuri zaidi. Watu 254 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu waendelee na kidonge, nusu wakiache wiki mbili baada ya sindano ya nyongeza. Waliokiacha walikuwa na kinga ya damu zaidi ya mara mbili. Viungo viliwauma zaidi kwa muda mfupi, halafu vikatulia. Matokeo yalitoka 2022. Kwa mtu wa Buja hii ni habari njema, kwa sababu kuruka kidonge wiki mbili hakuna gharama. Hakuhitaji mashine wala friji. Kulihitaji mtu wa kukusemea sentensi moja.

Na kuhusu Sinopharm yenyewe: ni virusi vilivyouawa. Haviwezi kuamka ndani ya mwili, hata wa mtu mwenye kinga ya chini. Yule aliyemfukuza mama kwa kuogopa chanjo itamletea korona alikosea hapo. Ubaya wa Sinopharm kwa mtu kama yeye ulikuwa upande mwingine, kwamba inaweza isimtoshe. Tarehe 11 Oktoba 2021, wiki moja tu kabla ya Burundi kuanza, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza dozi ya tatu kwa watu ambao kinga yao imeshuka sana au kwa kiasi, na vilevile kwa wenye miaka 60 na zaidi waliochanjwa kwa Sinopharm au Sinovac. Mama akiwa na miaka 61 alikuwa anastahili kwa milango miwili. Alipata sindano mbili, mwaka 2022, baada ya mtoto wake kumsomea ushauri huo kutoka kwenye simu na kumsindikiza. Ya tatu hakuna aliyemtajia. Kadi yake ameiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya ukimbizi.

Tunajua mfanyakazi wa misaada atasema: korona imepita, mbona mnafukua? Kwanza, imepungua, haijaondoka. Pili, swali la mama linarudi kwa sura nyingine, na sasa hivi liko kwenye familia zinazongojea kusafiri. Anayepelekwa Kanada au Australia anapimwa na kuchanjwa kabla ya ndege. Kati ya sindano hizo kuna ya surua, na kwa safari nyingi kuna ya homa ya manjano. Hizo mbili ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mwenye afya ni salama. Kwa mtu anayemeza methotreksati, au prednisoloni kwa kipimo kikubwa, au anayedungwa rituksimabu, ni kinyume cha Sinopharm: hapa hofu ina haki, na daktari lazima aamue kwanza. Barua ya daktari ya kusamehewa chanjo ya homa ya manjano kwa sababu ya ugonjwa inakubaliwa kwa kanuni za kimataifa za afya.

Lakini mwenye kutumwa foleni hawezi kuomba barua kama hajui anachomeza. Mwezi uliopita tulikaa barazani na wazazi, kila mmoja alete dawa zake kwenye mfuko, tuandike majina. Tuliona vidonge vilivyotolewa kwenye sanduku na kuwekwa kwenye chupa ya asali. Tuliona deksa zinazoitwa vitamini. Tuliona methotreksati ambayo mwenyewe alidhani ni ya malaria. Tumeandika kwa kila mtu kadi ndogo: jina la dawa, kipimo, siku ya kumeza, na chini yake, kwa Kifaransa na Kiswahili, kama dawa hiyo inashusha kinga. Muuguzi mmoja anayetusaidia kwa kujitolea alizisoma zote na kusahihisha mbili. Zimebaki familia za kona ya ghala, ambazo tutazipitia Jumamosi hii saa nane. Mwenye kalamu ya wino usiofutika aje nayo, zile za kwanza zimeanza kufifia kwa jasho.